Hodi kwa Mwatumu

Je, jina lina ndani? Au ni kuta tupu tunazozipaka rangi kwa nje, kisha tukajidanganya kwamba kuna mtu amelala humo? Saumu alijiuliza swali hili kila siku, naye hakuwa mwanafalsafa, wala hakuwa na nafasi ya kuwa mmoja. Alijiuliza kwa sababu alikuwa akiishi katika majina mawili. Moja alizaliwa nalo. Jingine lilikuwa la pacha wake, Mwatumu, aliyefia ng'ambo katika mji wa baridi, akazikwa huko na watu wasiojua hata kulitamka jina lake sawasawa. Habari za kifo kile zilimfikia Saumu peke yake, kwa simu. Mama yao, Bi Kazija, alikuwa amelazwa wakati huo kwa maradhi ya moyo, na madaktari walikuwa wameonya asipelekewe habari nzito. Basi Saumu akanyamaza. Nitamwambia akipona, alisema moyoni, kwanza apate nguvu. Nani kwetu asiyewahi kufanya hivyo? Tumewaficha wagonjwa misiba mingapi, tukawaambia fulani amesafiri, fulani ana homa kidogo tu, tukasubiri siku njema ya kusema, na siku njema ikakataa kuja?

Sasa, kuna mahali panaitwa Baraza. Hapafikiki kwa miguu. Ni tovuti, mtandao ambamo dunia nzima hukaa kutwa kucha ikizungumza, kila mmoja na ukurasa wake, picha yake na maneno yake ya leo. Mwatumu naye alikuwa na ukurasa wake humo. Bi Kazija aliporuhusiwa kurudi nyumbani aliufungua kwenye simu, akakuta kimya. Akaandika: Mwatumu mwanangu, mbona husemi? Saumu aliyasoma maneno hayo akiwa peke yake chumbani, katika mji wa kazini kwake. Nywila ya dada yake alikuwa nayo, maana mapacha wale hawakuwahi kufichana kitu. Akaingia kwa jina la marehemu, akajibu: Nipo mama, kazi tu zimenizidi. Alidhani ni sentensi moja. Kesho yake mama akauliza kama amekula. Kesho kutwa akauliza kama baridi ni kali. Akataka picha, na Saumu akajipiga picha amevaa koti zito, kwa kuwa uso ulikuwa ule ule. Akataka kusikia sauti, na sauti nayo ilikuwa ile ile. Miaka ikapita hivyo. Mwatumu akazidi kunawiri Barazani: akabadilisha kazi, akanunua viatu vya theluji, akajifunza kupika samaki kwa nazi ya kopo, akasifiwa na mashangazi kwa kuwa hajasahau kwao. Saumu, ambaye ndiye aliyekuwa hai, ukurasa wake uliota majani.

Asubuhi tunayoizungumzia hapa, Bi Kazija aliandika tena kwenye ukurasa wa Mwatumu. Aliandika hivi: "Mwanangu, nimepona kabisa na pasi ya kusafiria nimeshapata. Nataka nije nikuone kabla sijafa. Lakini unanijua, mimi si mtu wa kwenda kwa watu bila kukaribishwa, hata awe mtoto niliyemzaa mwenyewe. Niambie karibu tu, nije."

Neno moja tu. Saumu aliliangalia mpaka macho yakamwuma. Akiliandika, mama yake atapanda ndege, atashuka katika mji wa baridi na mikoba yake ya visheti, atauliza mlango wa mtu ambaye hana mlango. Asipoliandika, mama ataamini kwamba mwanawe amemkataa, na moyo ule uliowahi kulegea utalegea tena. Hakujua lipi kati ya haya mawili litamuua. Alijua tu kwamba safari hii hakuna sentensi ya katikati, ya kazi zimenizidi, ya mwezi ujao inshallah. Alikuwa ameketi ofisini mbele ya kompyuta, vidole juu ya herufi, amekauka kama aliyepigwa picha.

Hapo ndipo Shemsa alipoingia, na kikombe chake cha chai ya tangawizi, bila kubisha, kama kawaida yake.

"Shoga, una nafasi?"

"Sina."

"Basi nipe hiyo hiyo usiyokuwa nayo."

Shemsa alikuwa mtengenezaji wa programu, mwanamke wa makamo mwenye kucheka kwa pua, na Saumu alikuwa mjaribuji. Kazi yake ilikuwa kuvitumia vitu kabla havijakamilika na kusema vinapochechemea. Usimwonee wivu mtu wa kazi hii, maana huishi daima katika kitu ambacho hakijawa.

"Nimetengeneza kiendelezi cha Baraza," alisema Shemsa, akivuta kiti. "Kidude kidogo tu. Unakipachika kwenye kivinjari, unafungua Baraza kama siku zote, halafu unaniambia umeona nini."

"Kinafanya nini?"

"Kinarudisha mlango."

Saumu akamtazama asielewe.

"Wewe ukienda nyumbani kwa mtu, unaingia tu?"

"Napiga hodi."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu. Nisipojibiwa naondoka."

"Na unasimama wapi?"

"Pembeni ya mlango. Nisije nikaona ya ndani kabla sijaitwa." Saumu alijibu kama mtoto wa chuo cha Kurani anayeulizwa alichokariri siku nyingi. "Shemsa, haya si kila mtu anayajua?"

"Anayajua miguu ikiwa chini. Akiwa Barazani hayajui. Tunaingiliana mpaka vyumba vya kulala, shoga! Tunatazama harusi za watu tusiowajua, tunachungulia misiba, tunatoka hata hatujaaga. Ninakwambia bibi yangu angefufuka akatuona, angeomba arudishwe kaburini. Basi nimesema, kila ukurasa uwe na mlango, na kila mlango umsubiri mwenyewe."

Saumu akauliza, "Mwenyewe ni mwenye nywila?"

Shemsa alikizungusha kikombe mkononi, na kile kicheko cha pua hakikuja. "Nilitaka iwe hivyo, maana ndiyo rahisi. Kimekataa. Nimekiandika kwa mikono yangu, na hakinisikii. Nywila hakiitazami. Kinamsubiri mwenyewe, mwenyewe hasa. Sijui kinamjuaje." Akainuka. "Ndiyo maana nakuletea wewe. Mimi nimekaa nacho wiki nzima, naogopa kukifungua."

Alipotoka, Saumu aliukuta mlango wa ofisi umefungwa vizuri, jambo ambalo Shemsa hakuwa akilifanya.

Akakipachika. Kivinjari kikamwuliza, kama vinavyouliza vyote: Je, unakiruhusu kiendelezi hiki kusoma na kubadilisha kila unachokiona? Swali hilo alikuwa ameshalibonyeza mara nyingi maishani mwake bila kulisoma. Leo alilisoma. Likamwingia mpaka kwenye mifupa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwuliza jambo kubwa hivyo kwa adabu hivyo. Akabonyeza Ruhusu.

Kwanza hakikutokea kitu. Kisha picha zikaanza kurudi nyuma taratibu, kama watu wanaompisha mgeni. Maneno yakashuka chini yakatulia, yakawa njia. Taa ya ofisi ikazidi kuwa nyeupe hadi ikawa si taa tena, ni anga. Na Saumu, ambaye bado alikuwa akiuhisi ubao wa meza chini ya viganja vyake, akajikuta amesimama.

Mbele yake ulikuwa mtaa, na mtaa ule ulikuwa milango. Hakuwahi kuona milango mingi namna ile. Ilikuwapo ya bati lililotoboka, ya kioo ambacho mwenyewe amejitahidi kukifuta, ya pazia la kitenge lililofungwa fundo ili upepo usilisumbue, na mingine ubao ulioegeshwa tu na mtu aliyechoka. Ilikwenda mbele mpaka macho yakashindwa, ikapanda kilima, ikateremka upande wa pili, ikaonekana tena mbali ikipanda kilima kingine. Juu ya kila mlango palikuwa na jina. Na nyuma ya kila mlango, hili ndilo lililomfanya Saumu ashike kifua, palikuwa na mtu. Aliwasikia. Mmoja alikohoa. Mwingine alikoroga kikombe. Mwingine aliimba vibaya sana huku anajimwagia maji. Alisikia mtoto akibembelezwa, na mzee akimsomea mtu ambaye hajibu. Miaka yote Saumu alikuwa akiyasukuma majina haya juu kwa kidole kimoja, kama anayefuta makombo mezani, na kumbe kila jina lilikuwa na chumba, na kila chumba kilikuwa na pumzi.

"Kumbe wapo," alisema kwa sauti. "Kumbe wote wapo!"

Machozi yakamtoka, naye hakujua anamlilia nani. Haikuwa huzuni. Ni ile hali inayomshika mtu akitazama mbingu za usiku akiwa mdogo, akaambiwa kwamba vile vinukta ni vikubwa kuliko dunia, akaamini papo hapo. Alitamani kupiga magoti katikati ya njia. Aliona haya kwa kila alichowahi kukichungulia.

Akaenda mbele. Wakati katika mtaa ule haukuwa mmoja. Mbele ya mlango huu ilikuwa asubuhi ya Idi, na harufu ya pilau. Hatua chache mbele ilikuwa mvua, mvua ya mwaka juzi, inaendelea kunyesha mlangoni kwa mtu ambaye hakuandika neno tangu siku ile. Saumu alitoka juani akaingia mvuani, akatoka mvuani akaingia jioni ya watu wengine, akarudi asubuhini akiwa amelowa. Alipita nyumba moja iliyokuwa ikisema karibu, karibu, karibu, kabla hata mtu hajafungua kinywa. Bibi mmoja aliyekuwa akifagia nje kwake akamwambia, "Usiingie humo, mwanangu. Hamna mtu. Kuta ndizo zimefundishwa kusema." Saumu akashukuru, akapita, nyumba ikaendelea kumkaribisha hadi alipopotelea mbali.

Kisha akamkuta mwanamume aliyevaa vizuri kupita kiasi, amesimama kando ya mlango, anabisha.

"Unamtafuta nani, kaka?"

"Mwenye nyumba."

Saumu akatazama jina lililokuwa juu, akatazama uso wa yule mtu, ambao alikuwa ameshauona mara nyingi Barazani ukipendwa na maelfu. "Lakini hilo jina si lako?"

"Ni langu. Ndiyo maana nabisha." Alisema bila uchungu, kama anayeeleza bei ya sukari. "Nilitoka nje mara moja kuwaonyesha watu nyumba yangu inavyopendeza. Wakanisifu. Nikakaa nje kidogo zaidi. Niliporudi nikapiga hodi, sikuitikiwa."

"Ingia tu. Ni kwako."

"Dada yangu," alisema yule mtu, "utaingiaje mahali ambapo hamna mtu wa kukuitikia?"

Saumu akaondoka mbio.

Mimi nani. Nina nyuso ngapi. Mmoja. Nina majina mangapi. Nikibisha kwangu nani ataitika, maana mimi sijalala kwangu miaka. Nililala kwa Mwatumu. Nilikula kwa Mwatumu. Nilipougua malaria nilimwandikia mama kwa mkono wa Mwatumu kwamba sijambo, nikasahau kumwandikia kwa mkono wangu kwamba ninaumwa. Siku yetu ya kuzaliwa walimpongeza yeye. Nami nilifurahi. Nani alifurahi? Basi nani aliyekufa kule, na nani aliyesimama hapa amelowa mvua ya watu?

Akaufikia.

Mlango wa Mwatumu ulikuwa wa mbao nyepesi, wa kijani, na ulikuwa umefungwa. Saumu hakuutazama mlango kwanza. Alitazama vilivyokuwa nje. Palikuwa na koti zito, limetundikwa msumarini. Palikuwa na viatu vya theluji, vimepangwa sawasawa. Makopo ya nazi yalikuwa yamerundikana, na picha, na salamu za mashangazi, na kofia ya sufu, na vyeti vya kazi mpya, na kila kitu alichokuwa amemwandikia dada yake miaka yote, vyote vipo hapo chini ya ukuta, vikavu, kama vitu vilivyoletwa kwa mtu akakosekana wa kuvipokea. Hakuna hata kimoja kilichoingia ndani. Hata kimoja!

Mkononi mwake mlikuwa na ufunguo, kwa kuwa nywila katika mtaa ule hugeuka ufunguo. Akaupeleka mlangoni. Akapapasa juu, akapapasa chini. Mlango haukuwa na tundu. Ulikuwa ubao mtupu, uliotulia, usiomchukia wala kumjua.

Ikabidi afanye kama wafanyavyo watu. Akajisogeza pembeni, akarekebisha ushungi wake, akaita kwa sauti ambayo hakuitumia tangu wakiwa wasichana.

"Hodi, Mwatumu."

Kimya kilimjibu. Saumu alivijua vimya vya aina nyingi: cha mtu aliyekasirika, cha mtu aliyelala, cha mtu anayejitia hamnazo nyuma ya pazia ili wageni waende zao. Hiki hakikuwa kimojawapo. Hiki kilitoka mbali, kikapita chumbani bila kugusa kiti wala kitanda, kikafika mlangoni kikiwa kizima. Alisikiliza kama anavyosikiliza mtu aliyewekwa mbele ya bahari kwa mara ya kwanza. Ukubwa wake ulimtisha, na usafi wake ukamtuliza. Akatambua kwamba tangu ile simu ya ng'ambo, hakuwahi kumwachia Mwatumu hata siku moja ya kunyamaza. Kila alipotaka kunyamaza alimjaza maneno. Leo kwa mara ya kwanza alimsikia dada yake amekufa. Akaweka kiganja ukutani, akasema taratibu, "Kumbe ni hivi."

Hapo akasikia viatu vya plastiki vikija njiani, mwendo wa kuvuta mguu mmoja, mwendo anaoujua kuliko anavyoujua uso wake.

Bi Kazija alikuja na mikoba miwili. Ingawa alikuwa kwao, mbali, amekaa kitandani na simu mkononi, kiendelezi kilimleta hapa, maana kila anayeusubiri ukurasa umjibu huwa amesimama mlangoni pake, aelewe asielewe. Alimpita Saumu bila kumwona. Akaweka mikoba chini, akasimama upande wa pili wa mlango, pembeni, kama alivyowafunza wanawe wote wawili.

"Hodi, Mwatumu."

Mlango ukabaki umefungwa.

Saumu alimtazama. Alikuwa akiona mbele yake bibi mdogo aliyekonda, mdogo kuliko alivyokuwa kwenye picha, amejifunga kanga yake ya kutokea, amepaka wanja kwa ajili ya mwanawe.

"Hodi, mama," Bi Kazija alirudia, na sauti ilikuwa na tabasamu la mtu anayejua kwamba watoto huchelewa.

Ikabaki moja. Ikipita hiyo bila jibu mama ataondoka, kwa kuwa ndivyo adabu ilivyo, na ataondoka amevunjika. Saumu hakuweza. Mtu yeyote mwenye mama asimlaumu. Vidole vyake kule mezani vikajipeleka vyenyewe, vikaandika neno lile kwa jina la marehemu, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo: Karibu, mama yangu kipenzi. Katika mtaa ule neno lililoandikwa huwa sauti. Lakini mlango haukumkubalia. Sauti haikutoka ndani. Ilitoka hapo hapo nje, pembeni, kinywani mwake.

Bi Kazija akageuka.

"Sauti hiyo," alisema, "imetoka nje."

Walitazamana. Mama aliutazama uso ambao ni wa watoto wawili, akauchunguza kama anavyochunguza mtu kitambaa dukani, akiugeuza machoni upande huu na upande ule.

"Ndani nani yupo?" aliuliza.

Kuna jibu ambalo jirani humpa mgeni aliyebisha bila kuitikiwa. Ni jibu jepesi, watu hulitoa huku wanapepeta mchele, wala hawaliwazi. Saumu alilitafuta kooni, na lilikuwa zito kiasi kwamba alidhani litamng'oa meno.

"Mwenyewe hayupo, mama."

"Ametoka?"

"Hakutoka."

Mvua ya mwaka fulani ilikuwa ikinyesha nyumba ya tatu kutoka pale, ikasikika.

"Mwatumu amefariki, mama. Ulipokuwa umelazwa. Wakasema usiambiwe. Nikangoja upone. Ukapona, nikangoja tena."

"Nilipokuwa nimelazwa." Bi Kazija aliyarudia maneno polepole, akayapima. Moyo ule ambao watu wote waliuhofia ulikuwa ukipiga, na Saumu aliusikia katika mtaa mzima, ukipiga kwa nguvu, sawasawa, bila kukosea. "Na huyu niliyekuwa nikizungumza naye? Aliyeniambia baridi ya kule inakata masikio?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

Aliuliza kwa kuwa alitaka kujua. Hakuna kitu kikubwa kuliko kuulizwa hivyo na aliyekuzaa. Anga la mtaa lilipanuka, milango yote ikawa kama imeacha kupumua ili isikie, na Saumu akaona kwamba katika dunia nzima, pamoja na vilima vyake vyote vya majina, lilikuwepo jina moja tu ambalo yeye anaweza kulijibia.

"Saumu," alisema. "Mimi Saumu, mama."

Bi Kazija akaketi juu ya mkoba wake. Aliposema, hakusema alichokitarajia Saumu.

"Mimi nilikuja kwako," alisema. "Hujui tu. Kila nikitoka hapa kwa mwenzako napita kwako. Napiga hodi. Mara tatu. Narudi. Nikasema, huyu mtoto nimemkosea nini? Yule wa mbali ananijibu kila siku, wewe uliye karibu umenifungia. Nikamwuliza mpaka Mwatumu: mwenzio ana nini na mimi? Akaniambia yuko salama, usijali. Miaka hiyo yote nilikuwa nikikulilia wewe. Nilidhani wewe ndiye niliyempoteza."

Saumu alianguka magotini. Hakukumbuka kuandika jibu hilo, na alikuwa ameliandika yeye.

"Nisamehe, mama."

"Hilo ngoja kwanza." Bi Kazija alijishika ukutani, akainuka. Aligeukia mlango wa kijani. Alikuwa bado na hodi yake moja, naye hakuitumia. Aliuweka mkono wake wazi juu ya ubao, kama anavyowekewa mtoto mkono kifuani kuona kama bado ana homa, akauacha hapo. Kisha akaokota mikoba. "Kwako wapi?"

"Hapo. Huo wa jirani."

"Tangulia ukafungue. Mwanangu sijamlilia, na siwezi kumlilia njiani."

Saumu alitangulia. Mlango wake ulikuwa umezibwa na magugu mpaka kiunoni, akayang'oa kwa mikono. Ndani mlikuwa na giza na joto la mahali palipofungwa siku nyingi, lakini mlikuwa na sakafu, na mlikuwa na paa, na hewa ilipoingia pazia lilitikisika. Alisimama katikati. Mlikuwa na mtu humo. Alikuwa yeye.

Nje, pembeni ya mlango, sauti ya mama yake iliita.

"Hodi, Saumu."

"Karibu," alisema, na safari hii neno lilikuwa lake. "Karibu ndani, mama."

Bi Kazija alivua viatu, akaingia, akapitiliza kiti akaketi chini kabisa, sakafuni, akanyoosha miguu kama wanavyokaa wafiwa. Akajifunua kichwa. Akapigapiga sakafu ubavuni pake.

"Njoo ukae hapa," alisema. "Niambie alivyokufa mwanangu."